Msitu wa Kumkwepea Baba Mkwe

Ambindwile wa Kinyala alikuwa na mambo matatu ya kujivunia, na mawili kati yake hayakuwa ya kweli. Alijivunia kwamba ujanani aliwahi kumpiga ngumi mzungu wa shamba la chai, ingawa waliokuwapo wanasema mzungu aliteleza mwenyewe kwenye tope na Ambindwile akatimua mbio kabla hajaulizwa. Alijivunia pia sauti yake nzito katika kwaya ya kanisa, sauti ambayo mwalimu wa kwaya aliiomba mara kwa mara ipumzike. La tatu lilikuwa kweli tupu. Mkamwana wake Tulia, mke wa mwanawe Asajile, alimheshimu kuliko mkamwana yeyote alivyomheshimu baba mkwe, kuanzia Kinyala mpaka Kiwira.

Na heshima hiyo kwa Wanyakyusa si ya kupiga goti na kusema shikamoo. Ni ya kutoonekana. Mke wa mwana hamtazami baba mkwe usoni, hamsemeshi, hatamki jina lake wala neno linalokaribia kufanana na jina lake, na wakielekea kukutana njiani ni yeye anayeacha njia na kuingia kichakani mpaka mzee apite. Mwanzoni mwa miaka ya tisini wengi walikuwa wameshalilegeza jambo hili. Wachungaji walisema ni mambo ya giza, vijana waliosoma Tukuyu walicheka, na wakamwana wengine walisalimiana na wakwe zao sokoni huku wakiendelea kuchagua nyanya. Tulia hakulegeza kitu. Alilelewa hivyo na mama yake, naye alikuwa mtu ambaye akishika jambo limeshikika.

Ambindwile kwa upande wake alitimiza wajibu wa baba mkwe, ambao ulikuwa ni kukohoa. Alikohoa akitoka nyumbani, akikata kona, akikaribia mto. Kifua chake hakikuwa na ugonjwa wowote, ila kikohozi kile kilisikika ng'ambo ya bonde, na kikisikika tu, Tulia hayupo. Mzee alipopita angekuta ndoo ya maji imesimama peke yake njiani, maji yakitikisika bado, na moyo wake ungejaa raha. Alipenda sana kupita hapo na wageni ili nao waione ndoo.

Mke wake Ambindwile alikuwa amefariki zamani, kwa hiyo Tulia ndiye aliyempikia. Mzee akishatoka, yeye aliingia, akafagia, akaacha chungu karibu na mafiga, akaenda zake nyumbani kwake, upande wa pili wa njia. Ilikuwa ndizi zilizoungwa kwa maziwa, au maharage na magimbi, au kande laini ya kumfaa mtu aliyepungukiwa meno. Hakuna siku alimuuliza anataka nini, angemuulizaje? Aliangalia kilichobaki chunguni, akajua. Ambindwile alikula chakula cha mtu ambaye sura yake hakuiona tangu siku ya harusi, na siku hiyo yenyewe ilikuwa imefunikwa kitenge.

Asajile alikuwa akiuza mitumba Mbeya, kule Mwanjelwa, na kila alipokuja nyumbani alimwomba mkewe wahamie huko wote. Watoto wangesoma, yeye angeacha kula kwa mama ntilie. Tulia alikataa kila mara, na sababu ilikuwa ile ile: baba mkwe akija kuwatembelea kwenye chumba cha kupanga, yeye atakimbilia wapi? Asajile akarudi Mwanjelwa peke yake. Hivyo kilichombakiza Tulia Kinyala, na kilichofanya chungu cha mzee kiwe na kitu ndani, hakikuwa hati ya ndoa wala mahubiri. Kilikuwa ni kichaka.

Kichaka chenyewe kilikuwa msitu wa kijiji, uliolala kati ya nyumba zao na mto. Haukuwa mkubwa. Ulikuwa kipande kilichosahauliwa wakati watu walipopanda ndizi na chai kila mahali, chenye miti ya podo na mikulo minene ambayo hakuna aliyekumbuka ikiwa midogo. Kujificha humo kulikuwa na hadhi yake. Tulia alisimama wima nyuma ya shina lililo pana kuliko mlango, miguu yake kwenye majani makavu, majani mapana ya kivulini yakimfika kiunoni, na hapakuwa na mwiba. Kwenye magome ya miti ile kuliota vimea vidogo vyenye maua meupe. Tulia alivijua vizuri kwa sababu alivitazama kwa karibu, pua yake na ua, kila mara mkwe wake alipopita akikohoa. Majina yake hakuyajua, na wala hakuona haja.

Kisha ikaja ruksa. Kabla ya hapo mbao zilikuwa kazi ya shirika la umma, na shirika lilikuwa na kila kitu isipokuwa mbao. Ghafla watu wakaambiwa wauze wanachoweza kuuza. Mchuuzi mmoja mwenye lori akapiga kambi Kiwira, akawa ananunua mbao bila kuuliza zimetoka wapi, na huo ndio uliokuwa mwongozo mzima wa soko huria kama ulivyofika Kinyala.

Ambindwile akaushusha darini msumeno wake wa kupasulia, ule mrefu wa watu wawili, akamfuata jirani yake Ezron. Kazi ile huwa hivi: gogo linawekwa juu ya jukwaa, mmoja anasimama juu yake na kuuongoza msumeno, mwingine anakaa chini na kuuvuta, huku akila unga wa mbao. Ambindwile alikuwa wa juu siku zote, kwa sababu alisema ana jicho. Ezron naye alikuwa na macho, mawili, ila yote yalijaa unga. Mwenyekiti wa kijiji, Meshaki, aliwapa ruhusa ya kukata katikati ya msitu, na wiki hiyo hiyo nyumba ya mwenyekiti ikapata mlango mpya.

Mti mkubwa hauangushwi peke yake. Ulianguka na jamaa zake, na wadogo waliokuwa chini yake, na kila kilichojishikiza kwenye matawi yake, na pale palipokuwa na giza la kijani pakaingia jua kama mgeni asiyebisha hodi. Miezi ya kwanza njia ya mtoni ilipita kwenye uwanja mtupu wa visiki na magogo. Siku moja Ambindwile alikohoa, akakata kona, na Tulia alikuwa katikati ya uwanja huo na ndoo kichwani. Hapakuwa na hata jani. Alitua ndoo, akalala kifudifudi nyuma ya kisiki, akafunika kichwa na mtandio. Mzee aligeuza uso, akapita ubavu ubavu kama kaa, akajikwaa kwenye tawi na kuanguka. Wote wawili walilala pale chini, kila mmoja akimngoja mwenzake aondoke.

Ambindwile aliona aibu, tena sana. Lakini aibu haikudumu, kwa sababu mvua za Rungwe hazijui kupumzika, na ardhi ile ilikuwa na hamu ya jua. Uwanja ukaanza kuota. Ukaota mnavu wa kuchuma mboga, ukaota kishonanguo, mbarika, matungulu yenye tunda jekundu, kangaga, miiba yenye matunda matamu, miti myepesi inayorefuka kwa haraka bila kunenepa, na majani mengine ambayo hata wazee walibishana kuhusu majina yake. Baada ya mwaka na kitu pale pakawa na fujo nzuri ya kijani, na Tulia akapata tena pa kujificha. Ilimbidi kuchuchumaa sasa, na alitoka na kishonanguo kwenye sketi, lakini alijificha. Ambindwile alisimama pembeni, mikono kiunoni, akasema msitu unamshukuru.

Hapo ndipo Bi Monica alipofika. Alikuwa mtafiti wa mimea kutoka chuo kikuu, mwenye suruali, mabuti ya mvua, na kamba nyingi kuliko mchunga ng'ombe. Alitaka kujua jambo moja, msitu ukivurugwa, aina za mimea zilizomo zinaongezeka au zinapungua. Akapima viwanja vidogo kwa kamba, vingine pale palipokatwa na vingine upande wa juu ambao haukuguswa, akaanza kuhesabu kila kilichoota. Ambindwile alijitolea kumtembeza. Siku za mwanzo alimjibu akitazama mabuti yake, kwa sababu hakuzoea mwanamke kumkazia macho, lakini alizoea, na akagundua kwamba mtafiti ni mtu anayeweza kuambiwa habari za mzungu na ngumi bila kupinga.

Siku ya mwisho Monica alifunga daftari lake, akamwambia kwamba matokeo yamemshangaza hata yeye. Pale palipokatwa palikuwa na aina nyingi zaidi kuliko kwenye msitu mzima, karibu mara mbili.

Ambindwile alimwomba arudie. Akarudia. Kisha akasema, "Lakini, Mzee…" na kufikia hapo Ambindwile alikuwa ameshasimama. Maishani mwake mtu huyu hakuwahi kusikiliza sentensi inayoanza na lakini. Hata kanisani aliondoka wimbo ukiisha, kabla mahubiri hayajafika mahali pa kumhusu. Alimpa mtafiti mkono, akasema ndaga sana, asante sana, akamwacha amesimama na lakini yake mdomoni, naye akashika njia ya kilabuni.

Kule kilabuni watu walikuwa wamezunguka chungu cha kimpumu, kila mmoja na mrija wake. Ambindwile alichomeka wake, akavuta, akawatangazia kwamba chuo kikuu kimekuja, kimehesabu, na kimethibitisha kuwa yeye Ambindwile ameongeza mimea ya Mungu. Nuhu, alisema, aliokoa wawili wawili na akasifiwa mpaka leo, ingawa hakuongeza hata mmoja. Wengine walicheka, pombe ikawapalia puani. Ezron aliuliza kama na wa chini ameongeza au ni wa juu peke yake. Mzee akasema wa chini amesaidia.

Kama ingeishia kwenye kimpumu pasingekuwa na neno. Lakini lori la Kiwira lilikuwa linarudi kila mwezi, na mabati yalikuwa yamejaa madukani Tukuyu, na kila mtu alitaka mbao za kuyapigilia. Meshaki akaitisha mkutano wa kijiji kwenye darasa la shule kuhusu upande wa juu uliobaki. Ambindwile akasimama, akavuta koti, akasema msitu ule umelala, una aina chache, unahitaji kuamshwa, na kwamba hayo si maneno yake bali ni ya elimu ya juu. Watu walikuwa wanataka kukubali hata kabla hajafungua mdomo, ila ilipendeza kukubali kwa ajili ya sayansi. Bwana miti wa kata aliambiwa naye akasema kama chuo kikuu kimesema, yeye ni nani.

Mtu mmoja tu alikuwa na la kusema siku hiyo, na hakuweza kulisema. Tulia alikuwa nyuma ya ukuta wa darasa, ameketi kwenye nyasi, akisikiliza kupitia dirishani. Mkutano anaouhutubia baba mkwe hauna kiti cha mkamwana. Alisikia makofi yakipigwa, akainuka, akaenda kuteka maji akapitia njia ya juu, ndani ya msitu, polepole kuliko kawaida yake.

Walikata upande wa juu wote. Ambindwile akakaa kusubiri fujo ya kijani kama ile ya kwanza, maana aliamini sasa kwamba msumeno ndio mvua. Mwaka wa kwanza mnavu uliota, na kishonanguo, na mbarika. Mwaka wa pili vikaota vile vile. Kisha ukaingia mmea mmoja unaotambaa, hakuna aliyejua umetoka wapi, ukapanda juu ya kila kitu, ukavifunika vilivyokuwa chini yake mpaka vikafa kimya kimya. Matungulu yakapotea. Miti ile myepesi ikavutwa chini. Kwa mbali bado palionekana kijani, na Ambindwile, ambaye siku hizi macho yake yaliona mambo kwa mbali tu, aliridhika.

Tulia aliona kwa karibu. Ule mmea ulikuwa mpana na mfupi. Ukiingia unazama mpaka magotini, na kichwa chote kiko nje. Zamani alikuwa na mashina ya kusimama nyuma yake, baadaye akawa na vichaka vya kuchuchumaa, na vyote vilikuwa vya aina aina, kimoja kinafaa kiangazi na kingine kinafaa mvua. Sasa njia nzima ilikuwa na jani moja tu, limerudiwa mara maelfu. Alianza kwenda mtoni mapema zaidi, kisha alasiri kabisa, kisha kwa kuzunguka bonde la pili. Asajile alipokuja alimkuta amekonda. Akauliza tena habari ya Mbeya, na kwa mara ya kwanza Tulia hakukataa.

Monica alirudi baada ya miaka kadhaa kuhesabu tena viwanja vyake. Kamba hakuzikuta, zilikuwa zimefunga mbuzi wa watu, lakini Ambindwile alikumbuka mahali, na akamwongoza akikohoa njia nzima. Walipokuwa wakirudi, hesabu ya asubuhi imekwisha, Tulia alikuwa anapanda kutoka mtoni. Alisikia kikohozi kikiwa karibu kuliko alivyotarajia. Akatazama kushoto, ule mmea. Akatazama kulia, ule mmea. Kitu pekee kilichosimama kimo cha mtu kilikuwa kisiki kirefu kilichozungukwa na upupu uliokomaa, maganda yake yenye vinyweleo vya kahawia yakining'inia kila upande. Upupu unapenda mahali palipovurugwa, na pale ulikuwa umestawi. Tulia alitua ndoo, akaingia.

Mtu aliyewahi kuguswa na upupu anajua. Asiyewahi aombe asiwahi.

Ambindwile alifika, akaiona ndoo njiani, maji yakitikisika. Uso ukamchanua. Akamwonyesha Monica, akasema huyo ni mkamwana wake, na kwamba heshima ya namna hiyo haipatikani tena popote, hata huko chuoni kwao haifundishwi. Kisha, badala ya kupita zake kama adabu inavyotaka, akaketi kwenye gogo karibu kabisa na ndoo ili mgeni apate muda wa kuitazama.

Monica hakuitazama ndoo. Alikuwa anatazama viwanja vyake.

"Mzee," alisema, "ile siku uliondoka nikiwa katikati ya maneno."

Naye akamalizia. Akasema ni kweli aina ziliongezeka, lakini zilizoongezeka zilikuwa zile za kando ya barabara, zinazoota popote palipo na jua, kuanzia hapa mpaka Kiwira mpaka kokote. Wakati uleule zile za kivulini zilikuwa zimeanza kutoweka, na hizo haziko kando ya barabara yoyote. Fujo ile ya kijani ilitokea kwa sababu upande wa juu ulikuwa bado umesimama, ukipeleka mbegu, ndege wakizibeba, kivuli kikiwa hatua chache tu kutoka hapo. Ulipokatwa nao, hapakubaki wa kupeleka. Kuvuruga kidogo, alisema, kunaweza kuleta wageni. Kuvuruga kote kunawafukuza wenyeji, na wageni wenyewe mwisho wao ni kutawaliwa na mmoja. Hesabu yake ya asubuhi hiyo haikufika hata theluthi ya ile ya kwanza. Vile vimea vya maua meupe vya kwenye magome hakuvikuta kabisa.

Ambindwile alibisha. Alisema pale pana kijani, na kijani ni kijani. Alisema vitu hukua. Akauliza vitarudi lini, na Monica akasema kama mtu angeanza leo kupanda miti na kuilinda, wajukuu wa wajukuu zake wangeweza kupata kivuli, ila vile vidogo vya kivulini hajui vingetoka wapi tena. Mzee akasema basi chuo kikuu hakina msimamo, jana hivi leo vile. Aliendelea kwa muda mrefu, maana alikuwa amekasirika, na nyuma ya mgongo wake upupu ulikuwa unatikisika bila upepo.

Kisha Tulia akasimama.

Alitoka kwenye upupu akaja mpaka njiani, mbele yake, mikono na shingo vikiwa vimevimba na machozi yakimtiririka kwa mwasho. Alisema kwa Kiswahili. Kinyakyusa kwake kilikuwa kimejaa maneno aliyokatazwa, yaliyofanana na jina la mzee huyu, na miaka yote hiyo alikuwa amejifunza kuyaruka. Kiswahili hakikuwa na mkwe.

"Shikamoo, Baba," alisema, akimtazama machoni. "Nimekuheshimu tangu siku niliyokuja kwako. Mahali pa kukuheshimia umepapasua, ukapauza."

Alibeba ndoo yake akaondoka, akitembea katikati ya njia.

Ambindwile hakujibu hata marahaba. Si yale maneno yaliyomziba mdomo, maana hayo aliyaelewa baadaye. Ni ile sura. Miaka yote alikuwa anahifadhi kichwani msichana wa harusi, mwembamba, mwenye kuogopa, na sasa alikuwa ameona mwanamke mtu mzima mwenye mvi pembeni mwa masikio na mikunjo kando ya mdomo. Alikuwa amezeeka huku akimpikia, na yeye hakujua. Roho ilimuuma, ikamuuma kwa namna ambayo kikohozi chake hakikuweza kuitangaza. Monica alikimbia kumfuata Tulia kumsaidia kujipaka majivu ya kutuliza mwasho. Mzee akabaki peke yake kwenye gogo.

Chakula kiliendelea kuja wiki ile, lakini Tulia alikileta mwenyewe, mchana kweupe, akasema hodi, akamwekea mezani, akasema karibu, Baba. Ambindwile hakujua aweke wapi macho. Alijaribu kukohoa akitoka nyumbani, kwa mazoea, na Tulia aliyekuwa akifagia uwanja akainua kichwa, akamuuliza kama anaumwa. Watu wa kilabuni walisikia. Ezron alimwambia si kitu, wakamwana wa siku hizi wote wanasalimia, na hilo halikumfariji hata kidogo, kwa sababu lilikuwa kweli.

Asajile alipokuja, Tulia alikuwa ameshafunga mizigo. Alimweleza mumewe bila hasira. Kama ni kukutana na mzee uso kwa uso, alisema, basi hata Mbeya watu hukutana uso kwa uso, na kule watoto watakuwa na baba yao. Asajile alimtazama babake, akitegemea atapinga. Ambindwile alitafuta neno la kuwazuia. Alizunguka nalo kichwani kutoka upande huu mpaka upande ule, na hakulipata, kwa sababu neno lenyewe lilikuwa limeshapakiwa kwenye lori la Kiwira. Akawasindikiza mpaka barabarani, akawabebea godoro.

Alijipikia miezi kadhaa. Ndizi alizichemsha mpaka zikawa gundi, au akazitoa zikiwa mbichi katikati. Msumeno aliuuza. Alipanda miche ya miti kando ya mto, michache, ya aina moja aliyopewa na bwana miti, na hakumwambia mtu. Halafu siku moja akavaa koti lake la kanisani, akaenda Mwanjelwa.

Asajile na familia yake walikaa chumba kimoja, chenye kitanda, jiko la mkaa mlangoni, na marobota ya mitumba hadi darini. Tulia alikuwa sasa anauza na mumewe, ana meza yake ya nguo za watoto, na alikuwa amenenepa kidogo. Alifurahi kumwona, na furaha yake ilikuwa ya kweli. Alimpokea mfuko, akampa kiti, na kwa kuwa hapakuwa na nafasi nyingine akaketi mbele yake kwenye ukingo wa kitanda, magoti yao yakikaribia kugusana. Akauliza habari za Kinyala, za mvua, za kanisa. Kisha akamuuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza tangu mkewe afariki.

"Utakula nini, Baba?"

Ambindwile alifikiri. Kichwani mwake kulikuwa na ladha ya kila chungu alichowahi kuachiwa kando ya mafiga, na hakujua hata kimoja kinaitwaje au kinapikwaje, maana havikuwahi kuhitaji kuagizwa. Akasema chochote. Tulia akasema sawa, akatoka, akarudi na chipsi za kununua kwenye mfuko wa plastiki, zimenyunyizwa pilipili. Alimmiminia kwenye sahani, akamnawisha mikono, akaketi tena pale pale. Mzee alikula akitazama sahani, kwa sababu kila alipoinua uso alimkuta Tulia akimtazama kwa upole, kama mwenye nyumba anavyomtazama mgeni.